Usanifu wa ndani Mombasa: mwongozo kamili wa kuifanya kazi ikulipe

Sofa ya kwanza niliyomchorea mteja ililala siku mbili kwenye kichochoro cha Mji wa Kale, imefunikwa turubali, paka wanaizunguka. Ilikuwa sofa ya kona, nzuri ajabu, na fundi aliishona vizuri. Lakini ngazi za nyumba ile zilikuwa nyembamba, zinapinda katikati, na mimi nilikuwa nimepima ukumbi peke yake. Ikabidi ikatwe vipande viwili. Fundi nikamlipa mara ya pili, kitambaa cha nyongeza nikakinunua kwa pesa zangu kwa sababu kile cha kwanza kilikuwa kimekwisha dukani. Mwenye nyumba alifurahi, majirani wakaja kutazama na kusifu. Usiku nikakaa na kikokotoo, nikagundua kwamba nimemlipa mteja ili aniruhusu nimpambie nyumba.

Tangu hapo nimewaona wengi wakianza kazi hii na kuiacha. Jicho wanalo, rangi wanazijua, simu zao zimejaa picha nzuri. Kinachowaangusha ni kwamba wanageuka benki ya mteja bila kujua: wanamnunulia, wanamlipia fundi, wanasubiri. Mwongozo huu umepangwa kumtoa mtu kwenye shimo hilo.

Kwanza, jua unamfanyia nani

Mombasa ni soko nne au tano zilizokaa pamoja. Kuna familia za Nyali, Kizingo na Tudor zinazotaka nyumba ya kukaa miaka ishirini. Kuna wenye ghorofa za kukodisha kwa usiku, Nyali, Bamburi hadi Shanzu, ambao wanataka nyumba ipigike picha vizuri na isivunjwe na wageni. Kuna walioko ughaibuni wanaojenga Mtwapa au Diani na kuamua kila kitu kwa simu. Kuna kliniki, ofisi na mikahawa. Halafu kuna nyumba za Mji wa Kale, ambazo ni elimu ya peke yake.

Chagua mbili za kuanzia. Mwenye ghorofa ya kukodisha haulizi kama pazia limemgusa moyo. Anauliza litafuliwa mara ngapi kabla ya kupauka. Mama wa Tudor atakuita mara tano kwa sababu ya rangi ya uzi. Bei ya kazi hizi mbili haiwezi kuwa moja, hata kama vyumba vinalingana futi kwa futi. Na ukipokea kazi ya Diani, hesabu kivuko cha Likoni au mzunguko wa Dongo Kundu kila safari. Nusu siku ikiishia njiani, nusu siku hiyo ina bei.

Makaratasi, kwa ufupi

Sajili jina la biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, chukua leseni ya biashara ya kaunti, na uwe na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, ya kazi hii. Fungua akaunti ya benki isiyochanganywa na ya nyumbani. M-Pesa ni nzuri kwa arubuni na nauli za mafundi, lakini muamala mmoja una kikomo cha shilingi 250,000, kwa hiyo malipo makubwa yapitie benki.

Mambo manne hapa hugeuka hasara kwa asiyeyajua. La kwanza ni eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki: tangu 2024 ankara zinatakiwa zitoke kwenye mfumo huo, na gharama usiyokuwa na ankara yake inaweza kukataliwa unapohesabiwa kodi. Mfanyabiashara mdogo asiyesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) anaweza kutoa ankara hata kwa simu ya kawaida kupitia *222#. Wafundishe mafundi wako mapema, maana ukisubiri mwisho wa mwaka utabaki na daftari la majina na hakuna risiti.

La pili: kampuni ikikulipa ada ya ushauri inayofika shilingi 24,000 kwa mwezi, itakata asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa PIN yako. Hiyo ni kodi yako iliyotangulizwa. Dai cheti chake na ukitumie unapojaza ritani ya kodi.

La tatu ni VAT. Mauzo yako yakifika milioni 5 kwa mwaka, lazima usajiliwe na utoze asilimia 16. Sasa sikiliza mtego wake. Ukinunua masofa, mazulia na taa za mteja kwa jina lako kisha ukamuuzia, pesa zote hizo zinahesabika kuwa mauzo yako, hata kama faida uliyobakiwa nayo ni ya chai. Kazi tatu za Nyali zinaweza kukufikisha milioni 5 huku mfukoni huna laki nne. Ndiyo maana vitu vikubwa napenda mteja amlipe muuzaji mwenyewe, mimi nibaki na ada yangu.

La nne: usijiite msanifu majengo kama hujasajiliwa na bodi ya BORAQS, ni kosa kisheria. Na mteja akikuambia “huu ukuta tuutoe tu”, hapo umefika mpaka wa kazi yako. Aje mhandisi, na kibali cha kaunti kipatikane. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi; kabla ya kugusa mlango wa nakshi, roshani au sura ya nyumba kwa nje, pitia ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa.

Kikao cha kwanza na kupima

Kikao cha kwanza nakitoza. Si pesa nyingi, na nikipewa kazi naikata kwenye ada. Anayekataa kulipia saa mbili za kichwa changu mwanzoni hatakubali kulipia saa mia baadaye.

Katika kikao hicho naongea kidogo. Naangalia viatu vinavuliwa wapi, wageni wanakaa wapi, kama kuna ukumbi wa wanawake na wa wanaume, kama kuna mzee anayeswali akiwa amekaa kitini, watoto wanachora wapi ukutani. Namuuliza mama, “Idi watu wangapi wanakula hapa?” Jibu lake ndilo linaloamua meza, si picha aliyonitumia. Nyumba nyingi za hapa zina chumba kizuri cha wageni kinachofungwa mwaka mzima na familia nzima imebanana kwenye korido yenye pangaboi. Ukiliona hilo na kulisema kwa adabu, umekwisha kupata kazi.

Bajeti ulizia wazi, siku hiyohiyo. Watu wa pwani huona haya kutaja pesa, kwa hiyo mimi natoa ngazi tatu: “Mama, nyumba kama hii naweza kuifanya kwa laki nne, kwa laki nane, au kwa milioni na nusu. Tuanzie ipi?” Hapo uso unasema hata kama mdomo haukusema.

Kisha pima. Pima chumba, kisha pima njia ya kufikia chumba: geti, mlango wa chini, ngazi, pindo la ngazi, lifti, mlango wa ndani. Pima kwa milimita kwenye mchoro na kwa futi na inchi kwenye karatasi ya fundi, maana seremala wa hapa ukimwandikia 2,440 atakuuliza ni nini, ukimwandikia futi nane amekuelewa. Pima kuta zote nne hata kama mbili zinaonekana sawa. Pima sehemu tatu za kila dirisha, juu, kati na chini.

Nyumba za kale za mawe zina sababu ya kuwa na vyumba virefu vyembamba: dari ilibebwa na boriti za mkoko, na boriti haivuki upana mkubwa, takriban mita mbili na nusu hadi tatu. Kwa hiyo usimletee mwenye nyumba ya namna hiyo sofa ya kona. Mpe baraza ya kujengea pembeni mwa ukuta, magodoro ya kitambaa kizito, na uvitumie vidaka vilivyomo ukutani. Chumba kitapumua, na wewe utaokoka na ile safari ya turubali.

Uliza maji. Nyumba nyingi Mombasa zinatumia kisima, na maji ya kisima hapa mara nyingi yana chumvi. Mabomba yanayong'aa ya bei ya kati yanaliwa na chumvi hiyo kwa muda mfupi, vichwa vya bafu vinaziba. Ukijua mapema utaandika kwenye orodha mabomba mazito ya shaba nyeupe na kichujio. Ukikosa kujua, utapigiwa simu.

Mwisho, simama kwenye baraza uulize jua linachomozea wapi. Pwani ya Nyali na Bamburi inatazama mashariki, hivyo vyumba vya baharini vinapigwa jua tangu asubuhi, na kusi ikivuma inaleta mvua na chumvi upande huohuo. Kitambaa cha buluu iliyoiva kwenye dirisha hilo kitapauka.

Bei: hapa ndipo biashara ilipo

Wengi huuliza, “Wewe huchaji ngapi kwa chumba?” Swali hilo halina jibu mpaka ujue saa yako moja inakugharimu nini. Chukua karatasi. Tuseme ofisi ndogo Ganjoni ni 25,000 kwa mwezi, msaidizi 35,000, usafiri 15,000, simu na intaneti 6,000, programu za kuchorea 4,000, akiba ya dharura 10,000, na mshahara wako wewe 90,000. Jumla 185,000. Usiruke mshahara wako. Anayesema “mimi nitakula faida” hana biashara, ana bahati nasibu.

Sasa saa. Siku 22 mara saa 8 ni 176, lakini hakuna mteja atakayelipia saa zote hizo. Kuna kukimbizana na mafundi, kutengeneza koteshoni zisizojibiwa, kukaa foleni Makupa. Chukulia nusu tu zinalipika, yaani 88. Gawa 185,000 kwa 88, unapata kama 2,100. Ongeza asilimia 20 ya faida ya biashara yenyewe, unakaribia 2,500. Hiyo ndiyo saa yako. Takwimu zako zitakuwa nyingine. Njia ni hiyohiyo.

Ghorofa ya vyumba vitatu, kwa mfano. Kikao na kupima, saa 6. Mpango wa vyumba, 14. Picha za kompyuta, 16. Orodha ya vifaa na kutafuta bei, 12. Kuzunguka madukani, 14. Kusimamia saiti, 26. Makabidhiano, 4. Jumla saa 92, mara 2,500, ni 230,000. Najua unachofikiri: mtu wa Mombasa hatalipa laki mbili na thelathini kwa “michoro”. Wengine hawatalipa, ni kweli. Basi punguza kazi, usipunguze saa. Toa picha za kompyuta, badala yake tumia ubao wa sampuli za vitambaa na rangi. Mwache azunguke madukani mwenyewe na orodha yako. Saa zinashuka hadi 62, ada inakuwa 155,000, na bado unakula. Usichofanya kamwe ni kuahidi saa 92 kwa ada ya 80,000 kwa sababu mteja ni rafiki wa shangazi yako.

Huyo wa shangazi atakuja, usiwe na shaka. “Mwanangu, nifanyie bei ya nyumbani.” Mimi nina jibu moja: “Mama, bei ya nyumbani ni kwamba kikao cha kwanza ni bure na nitakuja na maandazi.” Tunacheka, tunaendelea.

Kuna ada ya kichwa, yaani malipo ya saa zako, na kuna faida ya vitu unavyomuuzia mteja. Vitenganishe kwenye karatasi. Ukinunua kitambaa kwa 8,000 na kuongeza asilimia 25, unauza 10,000. Faida yako ni 2,000, ambayo ni asilimia 20 ya mauzo, si 25. Mteja akiomba apunguziwe asilimia 10 tu, unauza 9,000, faida inabaki 1,000. Punguzo la moja ya kumi limekula nusu ya faida. Nimewaona watu wazima wakitoa punguzo hilo huku wanatabasamu.

Kisha uamue kama utamwambia mteja kuhusu punguzo unalopewa na wenye maduka. Mji huu ni mdogo. Mteja ataenda Biashara Street kutafuta kikoi, ataingia duka hilohilo, ataambiwa bei. Nasema wazi kwenye mkataba: ninanunua kwa bei ya jumla, ninauza kwa bei ya dukani, tofauti ni malipo ya kutafuta, kukagua na kubeba jukumu kikiharibika. Tangu nianze kuliandika hilo, hakuna aliyelalamika.

Koteshoni iwe na tarehe ya mwisho. Siku 14 zinatosha. Bei za mbao na vitambaa vya nje zinaruka, na mteja wa hapa anaweza kukujibu baada ya miezi mitatu kama vile mlizungumza jana.

Mkataba na utaratibu wa malipo

Karatasi mbili zinatosha, kwa Kiswahili anachokielewa. Ziseme kazi ni ipi na ipi siyo kazi yako, mabadiliko ya mchoro ni mara ngapi (mimi natoa mara mbili, ya tatu inalipiwa kwa saa), nani analipa ulinzi wa vitu saitini, na nini kinatokea kazi ikisimama.

Ada ya kichwa naigawa hivi: nusu kabla sijagusa penseli, asilimia 30 michoro ikikubaliwa, asilimia 20 siku ya makabidhiano. Pesa za vitu vya dukani zinatangulia zote. Kitu cha kuundwa karakana, kama kabati la nguo au kitanda cha samadari, mteja anatoa asilimia 70 kuanza na 30 kabla hakijatoka karakana. Si baada ya kufika. Kitanda kikishaingia chumbani na watoto wamelala juu yake, wewe umekuwa mdai kama wadai wengine.

Mabadiliko yaandikwe. Mteja akisema kwa mdomo “hilo kabati lifike juu kabisa”, usiku huohuo mtumie ujumbe wenye bei mpya na usubiri “sawa” yake. Ujumbe huo una thamani. Mahakama ya madai madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na iko hapa Mombasa. Ila ukiwa na karatasi nzuri hutafika huko, maana mtu akiona kila kitu kimeandikwa hulipa.

Vifaa vinavyovumilia pwani

Michoro mingi inayozunguka kwenye simu imetoka nchi za baridi kavu. Ukiileta hapa ilivyo, hewa ya chumvi na unyevu itakufundisha, na kila kitu kikiharibika unarudi saiti kwa gharama yako. Kwa hiyo uchaguzi wa kifaa ni sehemu ya faida.

Ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao uliobanwa, usiuweke jikoni chini ya sinki wala bafuni. Ukinywa maji unavimba kama mkate kwenye chai na haurudi. Tumia plaiwudi ya marini, na kingo zote zizibwe, hata zile zisizoonekana nyuma. Mbao ngumu za asili ndizo tegemeo: mvule, mbambakofi, msaji. Mwembe ni mzuri na wa bei nafuu lakini lazima uwe umekauka na kutiwa dawa, la sivyo utabunguliwa na wadudu, unga mweupe unaanguka sakafuni kila asubuhi. Mnazi unapendeza kwenye meza na miimo. Ukitaka nakshi na uchongaji, kuna chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba Changamwe na karakana za Bombolulu. Nenda na mchoro wako wenye vipimo, wape muda.

Ngozi bandia ya masofa ni mtego mkubwa. Unyevu unaivunja ndani kwa ndani, inaanza kuchubuka vipande vipande na kushikamana na migongo ya watu. Mteja anaipenda kwa sababu inafutika kirahisi. Mwonyeshe sofa ya jirani yake ya miaka mitatu, mazungumzo yatakwisha. Mpe pamba nzito au kitani chenye mchanganyiko, na foronya za kuvuliwa kwa zipu zifuliwe.

Chuma kinashika kutu, hilo kila mtu analijua. Wasilolijua ni kwamba chuma cha pua nacho kina madaraja. Lile la 304 linatoa madoa ya kahawia karibu na bahari. Kwa baraza inayotazama maji, dai 316, au tumia alumini iliyopakwa rangi ya unga. Hata skrubu na bawaba. Nimeona kabati la laki moja na nusu likining'inia kwa bawaba za shilingi mia.

Kuta za nyumba za matumbawe zinahitaji chokaa. Ukizipiga plasta ya saruji na rangi ya plastiki juu, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inasukuma, na rangi inaota malengelenge kabla ya mwaka. Fundi kijana atakuambia chokaa ni ya kizamani. Mtafute mzee.

Dari za jipsamu ziko kila mahali sasa. Kabla hujakubali, kumbuka pangaboi. Linatakiwa lining'inie kwenye zege lenyewe, si kwenye jipsamu, na mapanga yake yawe juu ya mita 2.3 hivi kutoka sakafuni. Nyumba yenye dari fupi ukiishusha tena inchi nane kwa ajili ya taa za kujificha, umemnyima mteja upepo ili umpe taa. Mombasa mwezi wa pili, hatakusamehe.

Hesabu za kununua ziwe za kudumu. Vigae ongeza asilimia 10 ya vipande vya kukata, na vyote vitoke fungu moja, maana fungu la pili halina rangi ileile. Pazia zidisha upana wa fimbo mara mbili. Fimbo ya mita 3 inataka mita 6 za kitambaa cha upana wa sentimita 280, kilichogeuzwa ubavu. Lita moja ya rangi inafunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini. Ukuta mpya unakunywa zaidi.

Kuagiza vitu kutoka nje kunashawishi kwa kuwa bandari iko hapa hapa. Kabla ya kufurahia bei ya China, jumlisha nauli ya meli, ushuru, VAT, ada ya tamko la forodha, ada ya reli, wakala, na gharama za kukaa bandarini kontena likichelewa kutolewa. Kwa kazi ya nyumba moja, mara nyingi karakana ya hapa inashinda, na kikivunjika kuna mtu wa kumpigia simu.

Mafundi

Kazi yako nzuri ni mafundi watano: wa mbao, wa vitambaa, wa umeme, wa rangi, wa jipsamu. Kila mmoja uwe na wa pili wa akiba. Mpya mjaribu kwa kitu kidogo kabla hujampa nyumba: mtengenezee stuli, uone kingo, uone kama alikuja siku aliyosema.

Mlipe kwa kazi, si kwa siku, na gawanya: ya vifaa, ya kati ukishaona kwa macho, ya mwisho baada ya kasoro kuondolewa. Vifaa vya gharama nunua wewe au mteja. Usimpe fundi pesa za mvule ukategemea mvule. Lakini ukimwahidi Ijumaa, mlipe Ijumaa kabla ya swala. Fundi mwenye njaa hukata kona, na fundi anayelipwa kwa wakati huja saiti yako akaacha ya mwingine. Hiyo peke yake imeniokoa mara nyingi kuliko mkataba wowote.

“Kesho inshallah, dada.” Sentensi hii ina maana kati ya kesho na wiki ijayo. Mimi tarehe ninayompa fundi inatangulia kwa siku tano ile niliyompa mteja, na siwaambii wote wawili sababu.

Kalenda ya pesa

Mapato ya kazi hii Mombasa yana msimu kama ya bahari. Wiki za kabla ya Idi kila mtu anataka mapazia na masofa mapya, na kila fundi wa vitambaa amejaa. Funga maagizo mapema, tangu Shaabani, na ukatae ya dakika za mwisho hata kwa bei kubwa. Wenye nyumba za kukodisha wanataka zimalizike kabla ya Agosti na kabla ya Desemba. Masika, kuanzia mwezi wa nne hadi wa sita, wageni ni wachache, nyumba zao ziko tupu, na mbao hazikauki. Huo ndio wakati wa kuwauzia ukarabati wa ndani, kubadilisha vitambaa na michoro ya msimu ujao. Rangi ya nje usiipange hapo.

Weka akiba ya gharama za miezi mitatu kabla hujafikiria ofisi kubwa. Kwa hesabu yetu ya juu, hiyo ni 555,000. Inachukua muda. Mimi ilinichukua miaka miwili, na katika miaka hiyo nilifanyia kazi kwenye meza ya kulia chakula.

Wateja wapya wanatoka kwa wateja wa zamani, na wachache kwa picha. Piga picha kila kazi kwa mwanga wa asubuhi, kwa ruhusa iliyoandikwa, na usionyeshe geti wala mandhari ya dirishani inayotambulisha nyumba. Wahudumu wa nyumba za kukodisha, madalali wa Nyali na wenye maduka ya vigae ndio wanaojua nani anahamia wapi. Wapitie, kunywa nao kahawa, acha kadi.

Makabidhiano

Siku ya mwisho tembea na mteja chumba kwa chumba na karatasi. Andika kila kasoro, mpe tarehe, mwombe atie sahihi. Mpe bahasha yenye namba za rangi, majina ya vitambaa, risiti, na namna ya kusafisha kila kitu. Kisha pokea ile asilimia 20 hapohapo, kabla ya sambusa.

Halafu andika kwenye shajara tarehe moja zaidi: wiki ya kwanza baada ya masika kukatika. Rudi na bisibisi, mafuta ya bawaba na kipande cha msasa. Milango ya makabati itakuwa imevimba kidogo, droo moja itakuwa inagoma. Ziara hiyo ya saa moja niliihesabu tangu mwanzo kwenye zile saa 4 za makabidhiano, kwa hiyo imelipiwa tayari. Mama atakuwa amechemsha chai, na dada yake kutoka Kizingo atakuwa amekaa pale barazani akiyatazama mapazia.